Maambukizi ya Njia ya Mkojo Yanayojirudia kwa Mjamzito: Vyanzo Visivyotarajiwa

Mjamzito anapougua maambukizi ya njia ya mkojo, mara nyingi chanzo ni bakteria Escherichia coli atokaye utumbo mpana. Ujauzito wenyewe humrahisishia kazi: homoni ya projesteroni hulegeza mirija inayotoka kwenye figo, na mji wa mimba huikandamiza, hasa ule wa kulia, hata mkojo ukatuama. Lakini ugonjwa ukirudi mara mbili ndani ya miezi 6, au mara tatu ndani ya mwaka, kubadilisha dawa tu hakutoshi. Maambukizi yakipanda hadi kwenye figo, mama huweza kupata homa kali na uchungu kabla ya wakati. Yafaa kuuliza vimelea vinajificha wapi.

Mawe ya figo ni maficho mojawapo. Bakteria Proteus huvunja urea na kupunguza asidi ya mkojo. Madini huganda yakawa jiwe, naye hubaki ndani yake, mahali ambapo dawa haimfikii ipasavyo. Mkojo ukioteshwa na Proteus akaonekana tena na tena, ultrasaundi ifanyike, haitumii mionzi.

Kichocho chastahili kuulizwa zaidi kuliko ilivyo desturi kliniki. Mayai ya Schistosoma haematobium hunasa katika ukuta wa kibofu, huujeruhi, na kwa miaka mingi huweza kuziba mirija ya mkojo. Damu mwishoni mwa mkojo ni dalili yake mashuhuri, ila mwanamke aliyeizoea tangu utotoni huenda asiitaje. Aulizwe alikokulia, iwe Pemba au Shinyanga, na kama alioga madimbwini au kulima mpunga. Mkojo wa kutafuta mayai utolewe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, yanapotoka kwa wingi. Baada ya miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito, Shirika la Afya Duniani linaruhusu tiba ya prazikwanteli.

Usaha ukionekana kwa darubini ilhali hakuna kilichoota maabara, kifua kikuu cha njia ya mkojo kifikiriwe. Klamidia huleta picha hiyohiyo. Kadhalika dawa iliyomezwa kabla ya kipimo. Ndiyo sababu mkojo wa kuotesha huchukuliwa kabla ya dozi ya kwanza, na hupimwa tena wiki moja au mbili baada ya tiba kwisha, hata kama mama hasikii maumivu.