Pesa ya Desemba Ndiyo Kahawa ya Februari

Mteja wetu, ukipita Kithimani wiki ya Krismasi utaona vile barabara ya Thika kwenda Garissa imejaa. Watu wametoka Nairobi, wanaenda nyumbani, na kila mtu anataka kubeba kitu. Kama unakaanga na kuuza kahawa, hizi ndizo siku zako. Simu inalia tu: pesa imeingia, pesa imeingia.

Halafu Januari inafika na karo. Februari ukitafuta pesa ya kununua kahawa mpya, hakuna. Ilienda wapi na uliuza vizuri? Leo tuongee hiyo hesabu.

Msimu unaendaje?

Kithimani ni sehemu kavu. Huku Yatta tunategemea sana mfereji uliochimbwa miaka ya 1950 na watu waliofungwa kizuizini wakati wa Mau Mau, unaoleta maji kutoka mto Thika. Maji hayo ni ya mboga na matunda zaidi. Kahawa inatoka kwa majirani wetu wa sehemu za juu, kama Kangundo na Matungulu.

Mavuno makubwa huchumwa kati ya Oktoba na Desemba, na madogo kati ya Aprili na Julai. Lakini kahawa ikichumwa haiko tayari kukaangwa. Inamenywa kiwandani, inachachushwa, inaoshwa, inaanikwa, halafu inakobolewa. Kwa hivyo ile iliyochumwa Novemba unaweza kuipata mwaka mpya ukiwa umeanza.

Umeona shida iko wapi? Unachouza Krismasi ni stoo ya mavuno yaliyopita. Pesa inayoingia si faida yote. Sehemu kubwa ni ya kununua kahawa ya mwaka unaokuja. Ukiila Desemba, utakaanga nini Februari?

Jua gharama yako ya kweli

Kahawa ikikaangwa inapoteza maji, na uzani unapungua kwa karibu asilimia 15 hadi 20. Tuseme umenunua kilo 100 kwa shilingi 900 kila kilo. Umetoa 90,000. Baada ya kukaanga unabaki na kilo 84 hivi. Gawanya: kila kilo imekugharimu kama shilingi 1,070, si 900. Hapo hatujahesabu gesi au makaa, mifuko wala usafiri. Pakiti ya robo kilo imekula karibu shilingi 270 kabla hujaongeza chochote. Ukiuza 260 ati kwa sababu ni Krismasi, unawalipa wateja wakunywe kahawa yako.

Ushauri wetu: kila jioni, toa gharama ya kahawa uliyouza na uihamishe kwenye akaunti ya akiba. Usingoje mwisho wa mwezi. Pesa ikikaa kwa simu unayoshika siku nzima, itatumika.

Na usikaange yote kwa sababu ya msimu. Kahawa isiyokaangwa ikihifadhiwa mahali pakavu inakaa miezi mingi. Iliyokaangwa inaanza kupoteza harufu baada ya wiki chache.

Harambee nayo?

Desemba ni mwezi wa mashindano ya mpira, harusi na harambee za kanisa na shule. Ukiwa na biashara, kadi ya mchango itakufikia wa kwanza. Na huwezi kukataa, kwa sababu hawa ndio wateja wako. Ukambani tunajua mwethya: watu wanakusanyika, wanachimba matuta ya shamba la huyu leo, kesho la yule. Kusaidiana ni sehemu ya maisha.

Lakini hata mwethya ulikuwa na zamu. Panga zako hivi:

1. Weka kiwango mapema. Kwa mfano, shilingi 10 kwa kila pakiti. Ukiuza pakiti 300, mchango ni 3,000. Mtu akiuliza mbona si 10,000, una jibu ambalo halimvunjii heshima.

2. Usichangishe kwa nambari yako ya till. Watu wanaweza kukuchagua mweka hazina kwa sababu una till tayari. Kataa kwa upole. Mchango ukichanganyika na mauzo, hutajua umeuza ngapi, na siku rekodi zikiangaliwa itaonekana yote ni mauzo yako. Mbaya zaidi, pesa ikipungua jina linaloharibika ni lako.

3. Fungua akaunti ya kikundi. Iwe na watu zaidi ya mmoja wa kuidhinisha pesa ikitoka. Kila wiki someni taarifa ya akaunti mbele ya wote.

Siku ya soko, kuwa macho

Watu wakiwa wengi, matapeli wako karibu.

- Angalia ujumbe kwenye simu yako mwenyewe, si kwenye simu ya mteja. Ujumbe wa uongo unafanana kabisa na wa kweli. Hakikisha salio limeongezeka kabla ya kutoa pakiti.
- Mtu akipiga kusema amekutumia pesa kwa makosa, usimrudishie wewe. Mwambie aombe irejeshwe kupitia huduma kwa wateja. Kama kweli aliituma, itamrudia.
- PIN hapewi mtu, hata kijana anayekusaidia kuuza. Mpe njia ya kuona malipo yaliyoingia, basi.

Anza leo

Chukua daftari. Andika kilo ulizobakisha, gharama ya kila kilo baada ya kukaanga, na kiasi utakachohitaji Februari. Gawanya kiasi hicho kwa siku za kuuza zilizobaki. Hiyo ndiyo pesa ya kuweka kando kila jioni, kabla ya nyama na kabla ya kadi ya harambee.

Ukifanya hivyo, Februari utakuwa na kahawa ya kukaanga. Na harambee ya Pasaka ikija, bado utakuwa na kitu cha kutoa.