Moshi wa Jikoni katika Sera ya Tabianchi

Sera za mabadiliko ya tabianchi husomwa aghalabu kama habari za misitu, mvua na ukame. Nchini Tanzania, sehemu inayomgusa mgonjwa kwa ukaribu zaidi imo jikoni.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo. Kuni na mkaa humaliza misitu. Moshi wake nao hubeba chembechembe ndogo mno zipenyazo hadi ndani ya mapafu, pamoja na kaboni monoksidi, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Watoto wenye umri chini ya miaka mitano hupata nimonia, na mama aliyepika kwa kuni miaka mingi hupata ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku wa baridi huweza kuua kabla ya asubuhi, kwani hewa hiyo haina harufu.

Mtungi wa gesi peke yake hautoshi. Nyumba nyingi zilizo nao bado huchemsha maharage kwa mkaa, kwa kuwa hukawia kuiva na gesi ni ghali. Kwa hiyo mhudumu anayempokea mwenye kikohozi kisichokoma, pamoja na kumpima kifua kikuu, amuulize anapikia nini na wapi. Mgonjwa naye asingoje kuulizwa. Pale gesi isipomudika, kupikia nje, kutumia kuni kavu na kutombeba mtoto mgongoni wakati wa kupika hupunguza moshi unaovutwa.