Mti Mwekundu Ndani ya Jicho

Sogeeni, na anayetafuna ubuyu atafune polepole. Leo nina hadithi ya mishipa myembamba kama uzi, iliyojificha nyuma ya jicho, na ya daktari wa ngozi aliyeifuatilia siri yake kuanzia mdomoni.

Mtazame mwenzako machoni. Lile doa jeusi katikati, mboni, ni tundu tu. Mbona basi ndani hamwoni kitu? Kwa sababu mwanga ukiingia mle hurudi kulekule ulikotoka, na wewe ukisogea pale ili uupokee, kichwa chako kinauziba usiingie. Ujanja wa kulimaliza fumbo hilo aliutangaza Mjerumani Hermann von Helmholtz mwaka 1851. Alitumia kioo cha kuelekeza mwanga jichoni, huku mwenyewe akichungulia kupitia kioo hichohicho. Ndani kuna ukuta wa rangi ya chungwa lililoiva. Huo ndio retina, nao umetandazwa mishipa iliyotoa matawi kama mti. Ateri ni nyembamba na zinang'aa, vena ni nene zaidi na wekundu wake umekolea. Hakuna mahali pengine mwilini ambapo daktari anaiona mishipa wazi namna hii bila kushika kisu.

Siku nyingine mti huo huugua. Chembe nyeupe za damu, ambazo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huzizingira vena ingawa hakuna kijidudu. Ni kama sungusungu waliomkosa mwizi, wakaamua kubomoa ukuta wa mwenye nyumba. Vena huvimba, na pembeni yake huota utando mweupe kama soksi. Kuta zake huanza kuvuja, retina ikalowa, na mara nyingine damu huganda ndani au kumwagika. Mgonjwa huona ukungu, au vitu vyeusi vinavyoelea kama inzi wasiofukuzika. Na mara nyingi haumwi! Mimi hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote.

Sasa twende Istanbul. Palikuwa na daktari wa ngozi aliyeitwa Hulusi Behçet. (Kama mna shangazi aitwaye Bahija, jina lake na la huyu bwana yametoka kwenye shina moja la Kiarabu, lenye maana ya furaha.) Miaka ya 1920 alimpokea mtu aliyeteseka miaka mingi. Vidonda mdomoni, vidonda sehemu za siri, macho mekundu. Vinapona, vinarudi. Madaktari wa Istanbul walikuwa wamemwona, wa Vienna pia, na mwisho yule mtu akapofuka. Mwaka 1930 akaja mwanamke mwenye mambo yaleyale. Mwaka 1936 akaja mwanamume mwingine.

Wengine wangesema vidonda ni vya daktari wa ngozi, macho ni ya daktari wa macho, kila mtu na lake. Behçet hakukubali. Mwaka 1937 aliandika kwamba huo ni ugonjwa mmoja wenye milango mingi. Alidhani umeletwa na kirusi, na hapo nadhani alikosea. Leo tunajua ni kinga ya mwili iliyovurugika, na mishipa ya damu ndiyo inayoumia, na jichoni hasa ni vena. Ugonjwa umebaki na jina lake. Unaonekana zaidi katika nchi zilizopitiwa na njia ya kale ya hariri, kutoka Uturuki mpaka Japani.

Ugonjwa huo una kituko kimoja. Wagonjwa wengine wakichomwa sindano tupu mkononi, baada ya siku moja au mbili panaota kipele chenye usaha palepale ilipopita. Ngozi imekasirikia sindano!

Ili kujua vena zipi za jicho zinavuja, daktari huingiza dawa ya manjano kwenye mshipa wa mkono. Hesabuni taratibu: moja, mbili, tatu... Kabla hamjafika 20, kwa kawaida dawa imeshafika jichoni. Kamera inawasha mwanga wa buluu, na mti mzima unawaka kijani kwenye skrini. Panapovuja, kijani kinasambaa kama wino kwenye karatasi iliyolowa. Mgonjwa akirudi nyumbani, mkojo wake ni wa rangi ya machungwa hadi kesho yake. Asiyeambiwa mapema hushtuka sana.

Ndiyo maana daktari wa macho huuliza maswali ya ajabu. Una vidonda mdomoni? Viungo vinauma? Unakohoa? Vena za jicho huweza kuvimba pia kwa sababu ya sakoidosisi, ambayo hushambulia mapafu, au kwa kifua kikuu au kaswende. Hapo kukosea ni hatari. Dawa za kuituliza kinga ndizo zinazookoa macho ya mgonjwa wa Behçet, lakini mwenye kifua kikuu akipewa hizo tu, vijidudu vyake vitasherehekea. Hivyo hupimwa damu na kifua kwanza.

Na ninyi mnaweza kuuona mti wenu. Toboeni karatasi ngumu kwa pini. Fumbeni jicho moja, lingine litazame, kupitia tundu hilo, ukuta mweupe wenye mwanga mzuri (jua lenyewe, kamwe!), karatasi ikiwa karibu kabisa na jicho. Kisha itikiseni haraka haraka, kwa duara dogo. Subirini kidogo. Matawi meusi yatajichora hewani, membamba kama nyufa za tope lililokauka, na katikati patabaki uwanja usio na tawi hata moja. Mkono ukisimama, mti unatoweka. Haya, nani ana pini?