Gari la Moshi la Kuchezea Lililopungua: Tulitunze, Tulitengeneze au Tuliuze?

Msomaji mpenzi, fungua kabati la chekechea, au lile sanduku la bati lililo chini ya kitanda cha babu, na huenda utakuta humo kitu ambacho watu wa nyumba wameshindwa kukiamulia: gari la moshi la kuchezea, lililopungua. Injini ipo, ufunguo wake haupo. Mabehewa yapo mawili, na moja halina magurudumu. Reli zipo saba, nazo hazitoshi kufanya duara.

Vitu hivi hutufikia huku Mgololo kwa njia nyingi. Vingine hutoka katika marobota ya mitumba, vingine katika masanduku ya wafadhili wa misheni, vingine huletwa na ndugu arudipo kutoka ng'ambo. Vingine vilinunuliwa vipya Mafinga au Makambako, vikavunjika kabla mwezi haujaisha. Kwa kuwa mimi ni karani wa parokia, na masanduku ya namna hii hupitia mikononi mwangu, naulizwa mara nyingi: Tuyafanyeje?

Labda utasema jambo hili ni dogo. Si dogo kama lionekanavyo. Ndani yake mna mali ya mtoto, mna usalama wake, na mna uaminifu wa mtu mzima auzapo kitu. Nimepata kuona ndugu wa tumbo moja wakinuniana wiki nzima kwa ajili ya injini ya bati isiyo na ufunguo, kwa sababu ilikuwa ya marehemu baba yao.

KUPUNGUA SI AIBU

Kwanza yafaa tujue asili ya vitu hivi. Mwaka 1891 kiwanda cha Märklin cha Ujerumani kilionyesha huko Leipzig gari la moshi la kamani pamoja na reli zake, zenye vipimo maalum. Werevu wao ulikuwa huu: mzazi alinunua mwanzo tu, yaani injini, mabehewa machache na duara la reli. Noeli ya pili aliongeza behewa, ya tatu stesheni, ya nne daraja. Mwaka 1920 Frank Hornby wa Liverpool, Uingereza, akaanza kuuza magari yake, naye akafuata njia hiyo hiyo.

Basi waona, gari la moshi la kuchezea halikufanywa lipate kukamilika. Tangu siku ya kwanza lilikuwa linangoja kuongezewa. Hivyo usilitupe kwa sababu tu limepungua. Usiulize, "Limekamilika?" Uliza, "Kilichopo chafaa nini, na chamfaa nani?"

HESABU NA PIMA KWANZA

Kabla ya shauri lo lote, mwaga vyote juu ya mkeka, kisha chukua karatasi na uipige mistari ugawe sehemu tatu: vilivyopo na vizima, vilivyopo na vibovu, visivyokuwapo. Andika kila kitu, hata skrubu. Ugomvi mwingi huisha hapo, maana watu hugombania kitu wasichokijua.

Halafu chukua rula, upime nafasi iliyo kati ya reli mbili, upande wa ndani. Zile kubwa za bati ambazo mafundi huziita O zina milimita 32. Zile ndogo ziitwazo HO au OO zina milimita 16.5. Ndogo zaidi, ziitwazo N, zina milimita 9. Tena angalia kama ipo reli ya tatu katikati, kwa maana injini ya umeme iliyofanywa kwa reli mbili haitakwenda juu ya reli tatu, hata kama upana ni mmoja.

Sisi tulio jirani ya TAZARA haitupasi kulisahau jambo hili. Reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067, na ile Reli ya Kati ya zamani milimita 1,000. Ndiyo sababu pale Kidatu, zinapokutana, mizigo hupakuliwa upande mmoja na kupakiwa upande wa pili. Na reli mpya ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024, ina milimita 1,435. Kama Serikali yenyewe haiwezi kupitisha behewa la reli moja juu ya nyingine, wewe utawezaje kwa reli ulizonunua bila kupima?

HATARI NNE

Umeme. Masanduku ya kupunguza umeme yaliyotoka Marekani yalifanywa kwa volti 120 hivi. Umeme wetu ni volti 230. Ukilichomeka moja kwa moja, litaungua, na huenda nyumba nayo ikaungua. Yale ya zamani ya Uingereza nayo waya zake hukauka na kupasuka. Fundi wa umeme asipolikagua, usilitumie.

Betri. Zile bapa kama kifungo ni adui mkubwa. Mtoto akiimeza moja, yaweza kumchoma koo ndani ya saa mbili. Mkimbize hospitali mara moja, usingoje itoke yenyewe.

Sumaku. Mabehewa mengi ya mbao hushikana kwa sumaku. Zikichomoka na mtoto akameza mbili, huvutana tumboni, zikabana utumbo na kuutoboa.

Rangi. Rangi za bati za zamani nyingi zina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Injini yenye rangi inayobanduka si ya mtoto anayetia kila kitu kinywani, wala usiipige msasa ndani ya nyumba.

LINI TULITUNZE?

Tunza kitu chenye mwenyewe au chenye kumbukumbu. Tuseme baba amefariki, ameacha injini moja na mabehewa mawili, na mtoto wake wa miaka minane alizoea kuvicheza pamoja naye. Baba wadogo na shangazi wanasema viuzwe, vinunue daftari. Mimi nasema, mwulizeni mtoto kwanza. Daftari zaweza kupatikana kwa njia nyingine, lakini baba yake hatarudi kumnunulia injini ya pili. Akisema mwenyewe kwamba viuzwe, vema. Akinyamaza na kuinamisha kichwa, hilo nalo ni jibu.

Lakini kutunza si kufungia. Seti iliyokaa kabatini miaka 20 huku watoto wa chekechea wakichezea mawe haitofautiani na ile talanta iliyofukiwa ardhini. Kama haina mwenyewe wala kumbukumbu, toa uamuzi mwingine.

LINI TULITENGENEZE?

Tengeneza pale ambapo kilichopungua chaweza kufanywa hapa hapa. Injini ya kamani, jaribu hivi: izungushe ufunguo nusu mzunguko tu, iinue juu, uone kama magurudumu yanakwenda. Ikiwa nzito, tia tone moja la mafuta ya cherehani. Usitie mafuta ya kupikia, maana hugandamana yakawa kama gundi.

Kuna kitu kimoja kisichotengenezeka. Magurudumu ya zinki ya kusubu, hasa yaliyofanywa kabla ya Vita Kuu ya Pili, mengi huvimba, hupasuka na kumeguka yenyewe, kwa kuwa zinki yake ilichanganyika na risasi. Hapana gundi wala fundi awezaye kuyaponya. Usipoteze fedha yako hapo.

Mabehewa je? Sisi wa Mufindi tumezungukwa na misitu ya paina. Kipande cha mbao kilichotupwa na mpasuaji, kama sentimita 12, chatosha behewa moja. Mpini wa fagio uliokatwa vipande ni magurudumu. Kulabu ni waya. Reli zaweza kufanywa kwa mianzi mikavu iliyopasuliwa, ile ile itupayo ulanzi, ikapigiliwa juu ya vijiti kama mataruma. Hapo wewe ndiwe mwenye kiwanda: chagua upana mmoja, uushike, usiubadili tena. Na watoto wafanye nawe. Mtoto aliyekata magurudumu manne yaliyo sawa amejifunza hesabu ambayo ubaoni ingechukua wiki.

Tena tujifunze kwa TAZARA wenyewe. Reli ile ilijengwa kuanzia mwaka 1970 hadi 1975 kwa msaada wa China. Injini zake za kwanza zilipata taabu kuupanda mlima kati ya Mlimba na Makambako. Katika miaka ya 1980 zikaletwa injini nyingine za dizeli, za muundo wa General Electric ya Marekani. Hawakung'oa reli wala kubomoa madaraja. Walibadili kile kilichoshindwa, basi. Nawe fanya hivyo. Kama injini imekufa na mabehewa ni mazima, yafungie kamba, mtoto ayavute. Yeye mwenyewe atakuwa injini, wala hatahitaji ufunguo.

LINI TULIUZE?

Uza pale ambapo hakuna mtoto wa kukichezea, au pale ambapo ni cha zamani sana, chenye rangi ya hatari kwa watoto lakini chenye kutafutwa na wakusanyaji wa Ulaya. Ukitaka kuuza, usikipake rangi mpya wala usisugue kutu kwa msasa. Wakusanyaji hupenda rangi ya kwanza, hata ikiwa imechakaa, na boksi lake la karatasi ngumu lina thamani yake, usiliwashie moto. Uliza pia gharama ya posta kabla ya kukubaliana bei, maana bati na chuma ni vizito, na huenda faida yote ikaishia kwenye stempu.

La mwisho, na ndilo kubwa: sema ukweli. Usichukue gurudumu la seti hii na paa la seti ile, ukavipanga vizuri katika picha na kusema, "Imekamilika." Ile karatasi yako ya sehemu tatu mpe mnunuzi, pamoja na sehemu ya visivyokuwapo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mizani ya udanganyifu ni chukizo kwa Mungu, iwe ni ya mahindi au ya vitu vya watoto. Na kama ni mali ya parokia, uamuzi ni wa halmashauri, na fedha ziandikwe kitabuni mbele ya mashahidi wawili.

BASI, MSOMAJI

Usikubali mtu akuharakishe kwa neno "takataka." Bwana wetu alipowalisha watu elfu tano aliwaagiza wanafunzi wakusanye mabaki, na vikajaa vikapu 12. Hatuambiwi kama vipande vile vilikuwa sawasawa. Vilikusanywa kwa sababu vilikuwa bado chakula.

Jumamosi hii, baada ya kazi za shamba, kaa na watoto wako mkekani. Hesabuni, pimeni, ondoeni chenye hatari, kisha mwamue pamoja. Chenye mwenyewe, arudishiwe. Chenye kufaa, kitengenezwe. Kisicho na kazi kwenu, kiuzwe kwa haki. Na reli zile saba zisizofanya duara, zipangeni moja kwa moja kutoka mlangoni hadi jikoni, kwa maana hata TAZARA haizunguki.