Anza na Kebo: Utangulizi wa Usanifu wa Makufuli ya Elektroniki

Lori la kontena litokalo bandari ya Mombasa kuelekea Kampala au Kigali huwa na kifaa kidogo kinachoning'inia mlangoni. Kebo ya chuma hutoka ndani ya kifaa hicho, hupita kwenye makomeo ya kontena, kisha hurudi na kuingia upande wake wa pili. Dereva hana ufunguo wake. Ndani mna betri, kipokezi cha setilaiti kinachojua lori liko wapi, na laini ya simu. Kebo ikikatwa kabla mzigo haujafika uendako, ujumbe hupelekwa kwenye kituo cha ufuatiliaji na watu wa forodha hutoka mbio. Tangu mwaka 2017 mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda zimeunganisha ufuatiliaji huo katika mfumo mmoja, maana bidhaa zilizoandikishwa kuwa zinapita tu zilikuwa zikishushwa njiani na kuuzwa bila kulipiwa ushuru.

Kebo ile si ngumu kuikata. Mtu mwenye mkasi wa vyuma hahitaji dakika nzima. Watu wa forodha wanalijua hilo vizuri sana, na bado wanaitundika kwenye mizigo yenye thamani ya mamilioni. Mwanafunzi akishaelewa kwa nini wao hawaoni ajabu yoyote hapo, basi ameshaingia katika fani hii. Karibu.

Kengeja, kusini mwa Pemba, ipo skuli ya sekondari ya ufundi, na haya nimeyaandika nikimfikiria kijana wa fani ya umeme wa huko: ameshashika chuma cha kulehemu, mchoro wa sakiti haumtishi, na bahari haiko mbali na kwao. Kwake kufuli la kebo halihusu kontena. Linahusu mashine ya boti. Mashine ya nguvu za farasi 15 ina uzito unaozidi kilo 35, na mvuvi anayeogopa wizi hana budi kuifungua jioni akaipandisha nyumbani begani, alfajiri akairudisha. Akiiacha botini huifunga kwa mnyororo na kufuli la dukani, ambalo chumvi italila kabla mwizi hajaligusa. Baiskeli ina shida hiyo hiyo, na pampu ya maji ya kondeni pia. Vitu hivi havina mlango wala ukuta. Kinachovifaa ni kitu kinachopinda, kinachozunguka nguzo au mti, kisha kinafunga.

Ukimwambia kijana asanifu kufuli la namna hiyo, ataanza na simu. Atataka kufuli lifunguke kwa Bluetooth, lionyeshe taa ya kijani, lizungumze ikiwezekana. Wiki tatu zitapita kwenye programu ya simu, na kebo itanunuliwa siku ya mwisho, yoyote itakayopatikana. Mimi nasema anza na kebo, kwa sababu ndiyo itakayokatwa, na elektroniki yote iliyobaki ina thamani kwa kadiri inavyojua kwamba kebo imekatwa. Kufungua bila ufunguo ni starehe. Kutoa ushahidi ndiyo kazi.

Basi kebo yenyewe ni nini? Aliyekulia Pemba akaona kina mama wakisokota kamba za makumbi ana faida hapa: usumba hauna nguvu ukiwa mmoja mmoja, lakini nyuzi zikisokotwa upande mmoja kuwa ncha, na ncha hizo zikasokotwa kwa upande wa pili, kila kitu kinabanana na kamba inavuta jahazi. Mwaka 1834 Mjerumani Wilhelm Albert, ofisa wa migodi katika milima ya Harz, alilipeleka wazo la kusokota kwenye nyuzi za chuma, kwa kuwa minyororo ya migodini ilikuwa ikikatika bila kutoa dalili. Kebo za leo zimefuata njia hiyo. Ile inayoandikwa 7x19 ina ncha saba, kila ncha ina nyuzi 19, jumla 133. Inapinda kwa urahisi na inafaa kuzungushwa kwenye mashine ya boti. Ile ya 7x7 ni ngumu zaidi kupinda lakini nyuzi zake ni nene, hazichoki haraka kwa msuguano.

Nguvu ya kuvutwa si tatizo la kebo. Kiwango cha kimataifa cha ISO 17712 kinazipanga sili za kontena, yaani vifungo vya kuonyesha kama mlango umeguswa, katika madaraja matatu, na daraja la juu linadai sili ivumilie mvuto wa kilonewtoni 10, yaani uzito wa karibu tani moja. Kebo nyembamba ya chuma kizuri inafika huko. Udhaifu wake uko kwenye kukatwa. Chuma kigumu cha milimita 12 hukataa mkasi. Kebo ya unene huo huo hukatwa uzi baada ya uzi, na koleo la kawaida likipewa muda litafika mwisho. Hakuna ujanja wa elektroniki utakaobadilisha jambo hilo. Tulikubali mapema, tuendelee.

Ikiwa kebo itakatwa, kufuli lazima lijue. Wazo la kwanza ambalo humjia kila mtu ni kupitisha waya mwembamba wenye ganda katikati ya kebo, mbali na chuma, na kuusukumia umeme kidogo. Umeme ukipita, salama. Usipopita, piga kelele. Mwizi aliyesoma darasa moja na wewe atachubua kebo karibu na kufuli, atauunga waya huo na njia ya kurudia umeme, kisha atakata mbele ya hapo kwa raha zake. Kufuli litaendelea kuamini kwamba mambo ni shwari.

Dawa yake ni rahisi hadi inafurahisha. Mwishoni mwa waya wa ndani, ndani ya pini iliyo kwenye mwisho wa kebo, ile inayoingia kwenye mwili wa kufuli, weka rizista ya kiloomu 10. Upande wa sakiti weka nyingine ya kiloomu 10, na uache maikrokontrola isome volti ya katikati. Kwa kipimo cha biti 10 masomo huwa kati ya 0 na 1023, kwa hiyo kebo nzima itasomeka karibu na 512. Ikikatwa, somo linaruka hadi 1023. Mtu akiuunga waya na njia ya kurudia umeme kabla ya kufika kwenye rizista, somo linaanguka karibu na sifuri. Anayetaka kukudanganya kwa njia hiyo sasa lazima ajue thamani ya rizista yako na aibadilishe pasipo somo kutikisika hata kwa sekunde, gizani, huku maji yakimfika magotini.

Lakini pwani ina hila zake. Ganda la kebo likipata ufa, maji ya chumvi huingia, na maji ya chumvi hupitisha umeme. Somo litateremka: 512, 505, 490, siku baada ya siku. Programu iliyoandikwa na mtu aliyejaribia kufuli lake mezani tu italia usiku wa manane bila mwizi, na kijiji kikishazoea kelele ya bure, siku ya mwizi hakuna atakayetoka kitandani. Mteremko wa polepole ni ugonjwa wa kebo na unahitaji ujumbe wa upole kwa mwenyewe. Mruko wa ghafla ndio unaohitaji king'ora. Kuzitenganisha hali hizo mbili ni mistari michache ya programu, na kwa maoni yangu mistari hiyo ina uzito kuliko programu nzima ya simu.

Wenye fedha hutumia mwanga badala ya umeme. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, lenye makao yake Vienna, hufunga vifaa na makasha ya nyuklia kwa sili ya elektroniki ambayo kebo yake ni uzi wa nyuzimwanga. Mapigo mafupi ya mwanga hupitishwa ndani yake mara kwa mara, na kila kufunguliwa na kufungwa huandikwa na saa yake. Sili hiyo haizuii mtu kukata. Inazuia mtu kukata halafu akakana. Hata hivyo asilewe mtu na teknolojia: Roger Johnston na wenzake, wakiwa katika maabara ya Los Alamos huko Marekani, walizichunguza sili za aina zaidi ya 200, na nyingi walizishinda upesi kwa vifaa vya kawaida kabisa.

Sasa tuje kwenye sehemu inayoshika. Pini ya kebo imeingia ndani ya mwili wa kufuli. Nini kinaizuia isitoke? Wengi hutumia solenoidi, kwa sababu inapatikana na ni nyepesi kuunganisha: umeme ukiingia, kichuma kinarudi nyuma na pini iko huru. Sikushauri. Kichuma hicho kinashikiliwa na springi dhaifu tu, na pigo moja la nyundo kwenye upande unaofaa, wakati mwingine hata sumaku kali, hukirusha nyuma bila umeme wowote. Mota ndogo ya servo nayo si ya kubebeshwa mzigo. Ile ya gramu 9 inayouzwa kila mahali ina gia za plastiki, na mtu akivuta kebo kwa nguvu gia zitasagika.

Tazama badala yake kufuli zuri la kawaida lilivyo ndani. Utakuta gololi mbili za chuma zimesukumwa kwenye mifuo ya pingu yake, kushoto na kulia. Katikati ya gololi kuna kipande cha chuma cha mviringo chenye mabonde mawili. Ufunguo ukizungusha kipande hicho, mabonde yanaelekea kwenye gololi nazo zinapata pa kurudi. Kisipozungushwa, gololi hazina pa kwenda, na kadiri unavyovuta pingu ndivyo unavyozibana dhidi ya chuma. Umbo hilo linafaa kabisa kwa pini ya kebo. Mota yako ikae mbali na nguvu: kazi yake iwe kugeuza kile kipande cha katikati robo mzunguko tu, mara moja kufungua na mara moja kufunga, kisha ilale. Haishindani na mvutaji, na haili umeme wakati wa kusubiri.

Umeme wenyewe una hesabu isiyosamehe. Pemba imeunganishwa na gridi ya Tanzania Bara kwa kebo ya chini ya bahari tangu mwaka 2010, lakini boti halina soketi. Chukua betri moja ya lithiamu ya miliampia-saa 2600. Maikrokontrola inayolala na kuamka kila sekunde kusoma kebo inaweza kutumia wastani wa maikroampia 35. Kwa karatasi, betri hiyo ingedumu zaidi ya miaka minane, na itazeeka yenyewe kabla ya hapo. Moduli ya simu ikiachwa macho muda wote hutumia kama miliampia 20, na betri ile ile inakwisha kwa siku tano na ushei. Kwa hiyo moduli ya simu hulazwa kabisa na huamshwa na kebo pekee. Tena ikiamka huvuta hadi ampia 2 kwa vipindi vifupi sana, na hapo waya wako mwembamba hupoteza volti, moduli hujizima, na ujumbe wa wizi haufiki popote. Kapasita kubwa kando ya moduli humaliza maradhi hayo.

Betri ikifa je? Mlango wa jengo ni bora ufunguke, watu wasije wakafungiwa ndani ya moto. Kufuli la kebo libaki limefungwa, ila liwe na vituo viwili vya shaba nje, ambavyo mwenyewe atavigusisha na betri ya volti 9 ili lipate nguvu ya kuuliza namba ya siri.

Kuhusu siri sitakaa sana, kwa kuwa sura ya sita yote ni yake. Auguste Kerckhoffs aliandika mwaka 1883 kwamba mfumo wa siri unapaswa kubaki salama hata adui akijua kila kitu kuuhusu isipokuwa ufunguo. Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza waligundua kwamba ufunguo wa kufuli la alama ya kidole liitwalo Tapplock ulikuwa ukikokotolewa kutokana na anwani ya Bluetooth ambayo kufuli lenyewe linaitangaza hewani kwa yeyote apitaye. Chuma kilikuwa chuma. Simu ya mtu mwingine ilikifungua kwa chini ya sekunde mbili.

Neno juu ya chumvi, kisha nikuachie kitabu. Chuma cha pua cha daraja 304 hupata madoa ya kutu pwani. Cha 316 kina molibdenamu ya asilimia 2 hadi 3 na huivumilia bahari vizuri zaidi. Kebo ya chuma cha pua ikikaa kwenye mwili wa alumini penye maji ya chumvi, alumini ndiyo italika, kwa hiyo zitenge kwa bushi ya plastiki. Bodi ya sakiti ipakwe lakiri ya kuzuia unyevu. Usipoipata, rangi ya kucha isiyo na rangi inafanya kazi hiyo kwa majaribio, ingawa mafundi wa kiwandani watakucheka.

Sura ya kwanza haihitaji bodi wala kompyuta. Tafuta kwa fundi baiskeli kebo ya breki iliyochakaa, koleo, na kioo cha kukuzia. Ikate pole pole, uhesabu nyuzi zinavyoachia, na uandike ni uzi wa ngapi uliokatika ndipo kebo ikaanza kulegea mkononi mwako.