Hofu ya Tsunami Ikifika Nyamiaga

Usiku wa Agosti 12, 2020, saa 2:13, tetemeko la ukubwa wa 6.0 lilitokea chini ya Bahari ya Hindi, kusini-mashariki mwa Dar es Salaam. Waliokuwa ghorofani walishuka ngazi mbio wakajaa barabarani, simu mkononi. Maji hayakupanda. Lakini neno tsunami lilikuwa limekwisha kusafiri. Siku hizi ujumbe ukitumwa kutoka Mbagala kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, unafika Nyamiaga kule Ngara kabla aliyeutuma hajamaliza kuvaa viatu. Na mzazi aliyeko Nyamiaga, kama kilomita 1,000 kutoka pwani, juu ya vilima ambavyo maji ya bahari hayatavifikia asilani, anapiga simu: "Mwanangu, uko wapi? Wanasema bahari inakuja." Mtoto hajui ajibu nini, kwa kuwa naye kasoma ujumbe ule ule.

Wapo wanaosema watu wa bara hawana haja ya kujua habari za tsunami. Sikubaliani nao. Ngara na Biharamulo zina watoto wao Kigamboni, Tanga, Mtwara na Unguja. Neno la mama laweza kumwondoa mtu ufukweni au kumfanya abaki, na ni heri mama awe na neno la maana la kusema.

Tuanze na jinsi wimbi hilo linavyozaliwa. Bahari haitoi tsunami kwa sababu tu ardhi imetikisika. Sharti sakafu ya bahari ipande au ishuke ghafla, isukume maji yote yaliyo juu yake, kuanzia chini kabisa hadi usoni. Upepo huchafua maji ya juu tu, lakini tsunami ni kina chote cha bahari kilichosogezwa. Ndiyo maana katika kina cha mita 4,000 wimbi hilo hukimbia zaidi ya kilomita 700 kwa saa, na mvuvi aliye katikati ya bahari asilihisi kabisa. Mwaka 2004 setilaiti iliyopita juu ya Bahari ya Hindi saa mbili baada ya tetemeko ilipima wimbi la sentimita 60 hivi. Likikaribia nchi kavu, kina kinapopungua, wimbi hupunguza mwendo, maji ya nyuma yakayasukuma ya mbele, na hapo ndipo linapoinuka.

Tetemeko la Desemba 26, 2004, magharibi mwa Sumatra, lilikuwa na ukubwa wa 9.1. Ufa uliofunguka ulikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 1,200, yaani umbali unaoshinda ule wa kutoka Ngara hadi Dar es Salaam kwa mstari ulionyooka. Lile la 2020 lilipasua eneo dogo mno kulinganisha na hilo. Kila namba moja inayoongezeka katika kipimo cha ukubwa huzidisha nishati kwa takriban mara 32, kwa hiyo Sumatra ilitoa nishati zaidi ya mara 40,000 ya ile iliyowatoa watu wa Dar es Salaam ghorofani. Ndiyo maana vituo vya tahadhari vya Bahari ya Hindi havianzi kutoa taarifa mpaka tetemeko lifike 6.5 hivi. Tetemeko la 6.0 hutikisa vyombo kabatini na kuwatia watu hofu halali kabisa, lakini halina nguvu ya kuinua bahari.

Jambo ambalo bado linaniuma kuhusu 2004 ni saa. Ardhi ilipasuka saa 9:58 usiku kwa saa zetu. Wimbi lilifika pwani ya Kenya na Tanzania mchana, saa kama tisa baadaye. Kufikia wakati huo watu wa Indonesia, Thailand, Sri Lanka na India walikuwa wamekwisha kufa kwa makumi ya maelfu, na televisheni za dunia zilikuwa zinaonyesha. Ilikuwa Jumapili, siku moja baada ya Krismasi, fukwe zimejaa waogeleaji. Kenya, mamlaka ziliipata habari na kuwaondoa watu ufukweni, na akafa mtu mmoja. Tanzania walikufa zaidi ya kumi, wengi wao wakiwa wanaogelea. Somalia, ambako wimbi lilitangulia kufika na hapakuwa na serikali ya kupiga mbiu, walikufa karibu watu 300, eneo la Hafun likiumia kuliko kwingine. Kilichotusaidia sana huku ni kwamba maji yalikuwa yamekupwa wimbi lilipofika. Lingekuta maji yamejaa, tungekuwa tunasimulia mengine. Kwetu Tanzania saa tisa zilikuwepo, na mtu wa kupiga simu hakuwepo.

Msiba ule ndio uliozaa mfumo wa tahadhari wa Bahari ya Hindi, chini ya tume ya bahari ya UNESCO. Kwa Tanzania, kituo cha taifa kinachopokea na kutangaza taarifa hizo ni Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ile ile inayotutangazia mvua za vuli.

Mtihani wa kwanza mkubwa ulikuja Aprili 11, 2012. Siku moja kabla, Dar es Salaam ilikuwa imemzika mwigizaji Steven Kanumba katika makaburi ya Kinondoni, na mji ulikuwa bado una simanzi. Saa 5:38 asubuhi likaja tetemeko la ukubwa wa 8.6 kule kule upande wa Sumatra, na saa mbili baadaye lingine la 8.2. Tahadhari ikatolewa kwa bahari nzima, TMA ikawataka watu wakae mbali na ufukwe, na Kenya nayo ikawaondoa watu wake pwani. Safari hii mtu wa kawaida hapa kwetu alipata habari saa kadhaa kabla ya wimbi linalohofiwa. Kisha wimbi halikuja. Baada ya takriban saa nne tahadhari ikafutwa.

Vicheko vilivyofuata vilikuwa vingi. Wataalamu wakaambiwa waongo, wazushi, watu wa kutishia wananchi. Mimi nasema siku ile mfumo ulifanya kazi yake, na waliohama pwani walifanya busara. Tetemeko la 8.6 ni la kuogopwa mpaka lijulikane limekwenda upande gani. Lile la 2012 lilisogeza miamba ubavu kwa ubavu, kama viganja vinavyosuguana, bila kuinua sakafu ya bahari kiasi cha kutisha. Wimbi lilikuwepo, ila hata Indonesia halikuzidi sana mita moja. Lakini mwelekeo huo haujulikani dakika ya kwanza. Mashine huhitaji muda kuusoma, na vipimo vya maji baharini huhitaji muda zaidi kuuthibitisha. Anayetaka tahadhari isiyokosea hata mara moja anataka tahadhari itakayochelewa.

Turudi kwenye simu ya mzazi wa Nyamiaga. La kwanza kumuuliza mtoto ni tetemeko limetokea wapi. Likiwa Sumatra au Pakistan, zipo saa nyingi. Hakuna haja ya kukanyagana wala kuendesha gari kwa fujo, afuate tangazo la TMA, aachane na ufukwe, na asirudi wimbi la kwanza likipita, kwa sababu tsunami huja kwa mafungu na fungu la pili au la tatu laweza kuwa kubwa kuliko la kwanza. Likiwa karibu na pwani yetu, habari ni nyingine kabisa. Hapo hakuna redio itakayowahi. Mtu aliye ufukweni akitikisika kwa nguvu mpaka kusimama kukawa kazi, au mtikisiko ukiendelea kwa dakika nzima, au akiona bahari inakupwa wakati si wake, aondoke kwa miguu kuelekea juu bila kuuliza mtu. Katika kisiwa cha Simeulue, Indonesia, karibu kabisa na kitovu cha 2004, walikufa watu saba tu kati ya takriban 78,000. Mababu walikuwa wameshuhudia wimbi la mwaka 1907 na kuwasimulia wajukuu: ardhi ikitikisika sana, kimbilieni mlimani. Hawakuwa na king'ora wala simu.

Ujumbe wa kutilia shaka ni ule unaotaja saa. "Tetemeko kubwa zaidi litarudi saa sita usiku, msilale ndani." Hakuna chuo wala serikali duniani inayoweza kutabiri saa ya tetemeko. Ni kweli kwamba matetemeko madogo hufuata kubwa, na nyumba iliyopata nyufa si ya kulala. Lakini anayekutajia saa anabahatisha, hata akiweka nembo ya serikali juu.

Sasa niseme la kwetu, kwa maana naona tunaangalia bahari wakati hatari iko ukutani. Kagera, mkoa wa Ngara na Biharamulo, ipo pembezoni mwa mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, na majirani zetu wako ndani yake. Desemba 13, 1910, tetemeko la ukubwa wa 7.4 hivi lilipiga ukanda wa Rukwa, miongoni mwa makubwa kabisa kuwahi kupimwa Afrika. Desemba 5, 2005, lingine la 6.8 lilitokea Ziwa Tanganyika upande wa Kalemie, na wafanyakazi wa ofisi za Nairobi, karibu kilomita 1,000 kutoka hapo, wakatoka nje mbio. Februari 3, 2008, siku ya Jumapili, tetemeko la 5.9 katika eneo la Bukavu liliua zaidi ya watu 30 upande wa Rwanda, wengine wakiwa kanisani. Kisha Septemba 10, 2016, Jumamosi saa 9:27 alasiri, ikawa zamu yetu: 5.9, kitovu kikiwa upande wa Nsunga, Missenyi. Walikufa watu wasiopungua 17, mamia wakaumia, shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zikaharibika kiasi cha kufungwa.

Nimeulizwa kama Ziwa Victoria lingeweza kufurika siku ile. Hapana. Ziwa hilo halina kina, hata sehemu yake ya chini kabisa haizidi mita 85 au hapo karibu, na mpasuko wa 2016 ulikuwa kilomita 40 hivi chini ya ardhi. Haukugusa sakafu ya ziwa.

Angalia hesabu inavyosikitisha. Lile la 2020 karibu na Dar es Salaam na lile la 2016 Kagera yanalingana kwa ukubwa, tofauti ya 0.1 tu. Moja lilikuwa baharini, mbali na nyumba. Jingine lilikuwa chini ya vijiji. Watu wa Kagera waliuawa na kuta.

Itazame nyumba ya kawaida ya kwetu. Tofali za kuchoma, nzuri tu, lakini zimeunganishwa kwa udongo badala ya saruji. Udongo unavumilia mzigo unaobonyeza kuelekea chini, na ndiyo maana nyumba inasimama miaka 30 bila tatizo. Tetemeko halibonyezi, linasukuma kwa ubavu. Kona zinaachana kwanza, kwa sababu kuta mbili zimekutana hapo bila kufungwa pamoja. Kisha ile pembetatu ya ukuta iliyo chini ya paa, ambayo haijashikwa na kitu, inaangukia ndani au nje. Chini yake kwa kawaida kuna kitanda.

Dawa yake inajulikana na kila fundi: lenta ya zege yenye nondo, izunguke nyumba nzima bila kukatika, si vipande vifupi juu ya milango na madirisha tu. Inafunga kuta nne ziende pamoja. Asiye na uwezo wa zege aweke mbao imara zilizounganishwa vizuri kwenye kona, na ile pembetatu ya juu aizibe kwa mabati au mbao badala ya tofali. Paa la bati halina kosa, ni jepesi.

Hata ushauri wa kujificha chini ya meza unafaa kupimwa. Umetoka katika nchi za majengo ya zege na nondo, na unamfaa aliye kwenye ghorofa la Dar es Salaam, ambaye kukimbilia ngazi ni hatari kuliko kubaki ndani mbali na vioo. Aliye kwenye nyumba ya tofali na udongo, hatua chache kutoka mlangoni, atoke haraka na asisimame karibu na ukuta. Asiyeweza kutoka ajikunje kwenye kitu imara na kufunika kichwa.

Kama unajenga mwaka huu, uwe Nyamiaga, Rulenge au Biharamulo mjini, muulize fundi wako habari ya lenta kabla hajapandisha kozi za juu ya madirisha. Akikwambia si lazima, tafuta fundi mwingine.