Mali bila daftari huisha bila habari: kwa nini biashara yako inahitaji nakala ya akiba nje ya mtandao

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Kwa miaka mingi daftari hilo lilikuwa la karatasi, likihifadhiwa chini ya meza ya duka au ndani ya sanduku la chuma la kikundi. Leo daftari limehama. Wafanyabiashara wengi wa kata zetu, kuanzia wenye maduka ya pembejeo na maghala ya nafaka hadi mafundi cherehani na vikundi vya kuweka na kukopa, wanaandika hesabu zao katika simu au kompyuta, na vifaa hivyo huzipeleka katika hifadhi ya mtandaoni ambayo wengi wameizoea kwa jina la wingu.

Hatua hiyo ni ya kupongezwa. Simu ikiibwa au ikitumbukia majini, hesabu hubaki salama na mwenyewe huzifungua katika simu nyingine. Hata hivyo, manufaa hayo yamezaa dhana moja ambayo makala haya yanakusudia kuirekebisha, nayo ni kwamba kitu kikishafika mtandaoni hakiwezi kupotea tena. Kinaweza kupotea, na kimepotea mara nyingi, hata kwa taasisi kubwa zenye wataalamu wengi. Kinga yake ni nyepesi na gharama yake ni ndogo: kuwa na nakala ya akiba iliyotengwa kabisa na ile ya mtandaoni.

Wingu ni jengo

Jina la wingu linaweza kumfanya mtu adhani kwamba taarifa zake zinaelea angani. Ukweli ni kwamba zimo ndani ya kompyuta kubwa ziitwazo seva, na seva hizo zimepangwa katika jengo lenye kuta, nyaya, betri na mitambo ya kupoza joto. Jengo hilo linaweza kupatwa na majanga kama jengo jingine lolote.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza jengo zima la seva la kampuni ya OVHcloud katika mji wa Strasbourg nchini Ufaransa, na kuharibu sehemu ya jengo la jirani yake. Hakuna aliyejeruhiwa, lakini wapo wateja waliopoteza taarifa zao moja kwa moja kwa kuwa hawakuwa na nakala mahali pengine, au nakala waliyokuwa nayo ilikuwa katika eneo hilohilo lililoungua.

Tukio la karibuni zaidi lilitokea Korea Kusini tarehe 26 Septemba 2025. Moto ulizuka katika kituo cha data cha serikali kilichopo mji wa Daejeon, ukaunguza pia hifadhi ya mtandaoni ambamo watumishi wa umma walikuwa wakiweka nyaraka zao za kazi. Hifadhi hiyo ilikuwa na terabaiti 858 za taarifa, na haikuwa na nakala nje ya kituo hicho; sababu iliyotolewa ni kwamba ilikuwa kubwa mno. Ikiwa serikali ya nchi iliyoendelea kiteknolojia kiasi hicho ilijikuta bila daftari, sisi tunapaswa kujiuliza maswali mapema.

Siku 30 ni fupi kuliko msimu

Moto hutokea mara chache. Hatari iliyo karibu nasi zaidi ni kosa la mkono wa binadamu, hivyo tuchukue mfano wa kawaida katika mazingira yetu.

Mama mmoja ana duka la pembejeo. Mwezi Desemba, wakati wa kupanda, anawakopesha wakulima mbolea na mbegu kwa makubaliano kwamba watalipa baada ya mavuno, mwezi Julai. Orodha ya wadeni ameiweka katika faili moja ya hesabu mtandaoni, na akaunti hiyohiyo imefunguliwa katika simu yake na katika simu ya kijana anayemsaidia dukani. Mwezi Machi, simu ya kijana inajaa. Kijana anafuta mafaili asiyoyafahamu ili apate nafasi, na orodha ya wadeni inafutwa pamoja nayo.

Mambo mawili yanafuata. Kwanza, faili inatoweka katika simu zote mbili kwa wakati mmoja. Huduma hizi zimeundwa kusawazisha vifaa: kinachoandikwa hapa huonekana kule, na kinachofutwa hapa hufutwa kule pia. Kwa sababu hiyo, kusawazisha siyo kuweka akiba. Ni sawa na kioo, ambacho hakikutunzii sura uliyokuwa nayo jana, bali hukuonesha ulivyo sasa.

Pili, saa inaanza kuhesabu. Katika Google Drive, faili iliyofutwa hukaa kwenye pipa la taka kwa siku 30, kisha huondolewa kabisa. Katika OneDrive ya mtu binafsi muda wa kawaida ni siku 30 vilevile, na katika akaunti za kazini ni siku 93. Anayegundua kosa ndani ya muda huo hurejesha faili yake kwa dakika moja. Lakini mama yetu haangalii orodha ya wadeni mwezi Machi wala Aprili. Anaifungua Julai, mahindi yakiwa yameshafika ghalani. Kufikia hapo pipa limekwishamwagwa, na anabaki kutegemea kumbukumbu ya kichwa chake na uaminifu wa waliokopa.

Hapa hakuna mwizi wala mtambo ulioharibika. Mtoa huduma alifanya kazi yake kama alivyoahidi. Kilichokosekana ni nakala ambayo mkono wa kijana usingeweza kuifikia.

Mipaka ya wajibu

Wengi huuliza: kampuni hizi kubwa zinalipwa kwa kazi gani, kama si kututunzia taarifa? Jibu linapatikana kwa kufananisha na fremu ya duka ya kupanga. Mwenye jengo anawajibika kwa paa, kuta na mlango imara. Hawajibiki iwapo mpangaji amemkabidhi mtu mwingine ufunguo, au ametupa bidhaa zake mwenyewe jalalani. Ndivyo ilivyo mtandaoni. Mtoa huduma hujitahidi seva ziwake na mitambo isidukuliwe. Kilichomo ndani ya akaunti yako, nani unamruhusu kuingia na nini unafuta, ni wajibu wako. Masharti ya huduma za Microsoft, kwa mfano, yanamshauri mtumiaji awe na mazoea ya kuweka nakala ya anachokihifadhi humo.

Aidha, akaunti yenyewe inaweza kukuponyoka. Nywila husahaulika, laini ya simu iliyotumika kusajili akaunti hupotea, na katibu wa kikundi aliyefungua akaunti kwa jina lake huhama kata bila kuikabidhi. Google nayo imejiwekea haki ya kufuta akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka 2. Kikundi kilicholala kwa muda kinaweza kuamka na kukuta historia yake haipo.

Mfano mchungu zaidi ni wa Code Spaces, kampuni iliyokuwa ikiwahifadhia wateja kazi zao za kutengeneza programu. Mwezi Juni 2014 mhalifu aliingia katika akaunti yake ya wingu na kudai fedha. Kampuni ilipojaribu kumwondoa, alifuta sehemu kubwa ya taarifa pamoja na nakala za akiba, kwa kuwa zote zilifikika kupitia mlango aliokwisha kuuvunja. Kampuni ilisitisha shughuli zake. Ilikuwa na nakala za akiba, lakini ufunguo ulikuwa mmoja.

Kinyume chake ni mkasa wa UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya 600,000. Mwezi Mei 2024, kutokana na kosa la kimpangilio upande wa Google Cloud, huduma zake zilifutwa. Wanachama walikaa zaidi ya wiki moja bila kuweza kuona akaunti zao. Hata hivyo taarifa zilirejeshwa, na miongoni mwa yaliyosaidia ni nakala ambazo mfuko huo ulikuwa umeziweka kwa mtoa huduma mwingine kabisa. Tofauti kati ya biashara iliyokufa na mfuko uliopona ilikuwa ni mahali nakala ilipowekwa na nani aliyeweza kuifikia.

Mtandao unapokatika

Hapa nyumbani tunayo sababu ya ziada. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za mawasiliano zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota vibaya nchini Tanzania na katika nchi jirani. Taarifa hazikupotea, lakini aliyekuwa na hesabu zake mtandaoni pekee alikuwa kama mtu aliyefungiwa nje ya duka lake. Mwenye nakala ndani ya kompyuta, au iliyochapishwa kwenye karatasi, aliendelea kuwahudumia wateja.

Sheria inasemaje

Kutunza kumbukumbu ni takwa la kisheria pia. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi kutunza kumbukumbu zake kwa miaka 5. Ikumbukwe kwamba maandishi ya risiti za EFD hufifia kadiri muda unavyopita, hivyo aliyezipiga picha na kuziweka mtandaoni amefanya vyema, ilimradi picha hizo ziwe na nakala nyingine.

Vilevile, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, ikiwemo dhidi ya kupotea na kuharibika. Orodha ya wateja yenye majina na namba za simu, au daftari la wanachama wa kikundi, ni taarifa za aina hiyo. Kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyokopa katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, kumbukumbu za marejesho ndizo ushahidi wa kikundi pale hesabu zinapotofautiana. Mwanachama aliyelipa hapaswi kudaiwa mara ya pili kwa sababu simu ya katibu imepotea.

Hatua za kuchukua

Wataalamu wa TEHAMA hutumia kanuni rahisi ya tatu, mbili, moja: uwe na nakala 3 za taarifa muhimu, katika vifaa vya aina 2 tofauti, na nakala 1 iwe mahali pengine. Kwa biashara ndogo, kanuni hiyo inaweza kutekelezwa kama ifuatavyo:

1. Orodhesha taarifa ambazo zikipotea leo biashara itayumba: wadeni, stoo, mauzo, risiti, mikataba, michango ya wanachama. Anza na hizo. Picha za sherehe zinaweza kusubiri.

2. Kila wiki, siku uliyoichagua, pakua faili hizo na uzihifadhi katika flashi au diski ya kubebeka. Kila faili iandike tarehe, na usifute ile ya zamani kabla ya msimu kuisha. Kwa watumiaji wa Google, ipo huduma iitwayo Takeout inayokuwezesha kupakua taarifa zako zote kwa pamoja.

3. Flashi hiyo iwe ya kazi hiyo tu. Isichomekwe katika kompyuta za kila mtu, kwa kuwa hupata virusi, na isiachwe imechomekwa muda wote, kwa kuwa kirusi kikiingia katika kompyuta kitaiharibu nayo.

4. Itunze mbali na duka, nyumbani au kwa mweka hazina, ndani ya kitu kinachofungwa. Ina majina ya watu; iwekee nywila ikiwezekana.

5. Mara moja kwa mwezi, chapisha orodha ya wadeni au ya marejesho katika steshenari iliyo karibu nawe, na viongozi wa kikundi waisaini. Karatasi haihitaji umeme wala bando.

6. Usitumie akaunti moja kwa watu wote. Kila msaidizi awe na akaunti yake, apewe ruhusa ya kuona au kuandika tu, na kiongozi anapoondoka makabidhiano yahusishe nywila pia.

7. Kila baada ya miezi mitatu, fungua nakala yako katika kifaa kingine na usome kilichomo. Mwaka 2017 kampuni ya GitLab ilifuta taarifa zake kwa bahati mbaya, na ilipozigeukia nakala za akiba ikagundua kwamba baadhi ya mifumo iliyoitegemea haikuwa ikifanya kazi. Nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu.

Ndugu mkazi, kazi hii haizidi nusu saa kwa wiki, na bei ya flashi ni ndogo kuliko bei ya mfuko mmoja wa mbolea. Viongozi wa vikundi wanaohitaji msaada wa namna ya kupanga kumbukumbu wanakaribishwa kumwona Ofisa Maendeleo ya Jamii wa kata yao. Akiba haiozi, walisema wazee. Lakini ni lazima iwekwe kwanza, tena kabla ya Julai.